Je, wajua kwa nini gesi ya tanuri la nikeli huchomwa kabla haijafika dohanini?

Jioni ya baridi huko Molo, jiko la makaa huwashiwa nje ya mlango. Kwanza moshi mzito, kisha makaa yanashika, na juu yake vinaanza kucheza vimiali vya bluu. Moshi ukikatika, wengi husema jiko sasa liko tayari kuingizwa ndani. Ni kosa linaloua watu, na ndani yake limo jibu la swali letu.

Hewa huingilia chini ya jiko, oksijeni ikakutana na kaa na kuwa kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipanda katikati ya makaa mekundu hugawana oksijeni yake na kaa, ikageuka kaboni monoksidi: haina rangi, haina harufu, ni sumu. Ikifika juu ikakuta hewa na joto la kutosha, inawaka. Ndiyo ile bluu. Ikikuta makaa ya juu yamepoa, au sufuria imeyafunika, hutoka vivyo hivyo bila kuwaka na kujaa chumbani, moshi uwepo usiwepo.

Tanuri la feronikeli nalo huzalisha gesi hiyohiyo, ila kwa wingi wa kutisha. Feronikeli ni mchanganyiko wa chuma na nikeli unaotumika kutengeneza chuma kisichoshika kutu, kile cha sinki na vyombo vya hospitali. Udongo wake ni ndugu wa murram yetu (usianze kuchimbua barabara ya Kakamega, nikeli huwepo tu pale mwamba uliooza ulipokuwa nayo, kama Musongati kule Burundi, au visiwa vya New Caledonia kule Pasifiki). Hukaushwa, ukachomwa pamoja na makaa ya mawe ndani ya pipa refu linalozunguka, kisha ukamwagwa ungali moto kwenye tanuri la umeme ambamo joto hupita nyuzi 1,500.

Humo makaa hayatiwi kwa ajili ya joto; joto ni la umeme. Kazi yake ni kuunyang'anya udongo oksijeni, na kinachotoka ni kaboni monoksidi.

Kwa nini basi wasiipeleke moja kwa moja dohanini? Mbali na sumu, kuna hesabu ambayo mimi naiona tamu. Kaa likiungua nusunusu hadi kaboni monoksidi, huwa limetoa chini ya theluthi moja ya joto lake. Lililobaki limebebwa na gesi. Joto hilo litatoka tu siku gesi itakapopata oksijeni, kwa hiyo kazi ya fundi ni kuchagua mahali litakapotokea.

Feni huvuta gesi ili msukumo ndani ya tanuri uwe chini kidogo kuliko wa nje. Ikivuta kwa unyonge, gesi inatokea kwenye matundu ya elektrodi (zile nguzo zinazoingiza umeme tanurini), palipo na wafanyakazi. Ikivuta kwa nguvu mno, hewa ya nje inanyonywa, gesi inawakia chini ya paa na matofali yanateketea. Baadhi ya viwanda huiingizia hewa kwa makusudi ili iungue yote mara inapotoka, kisha huipoza isije ikachoma vitambaa vya chujio la vumbi. Vingine huziba tanuri, vikaisafisha gesi na kuipeleka kuwa kuni za lile pipa linalozunguka. Njia hii ya pili huokoa mafuta, lakini haimsamehe mzembe.

Kwani kaboni monoksidi hulipuka ikiwa kati ya asilimia 12 na 74 hivi ya hewa. Tanuri likiwa moto, gesi hujiwakia yenyewe inapokutana na hewa, kwani huhitaji nyuzi 600 na kitu. Shida ni stima ikipotea kisha ikarudi: mabomba yamepoa, gesi na hewa vinachanganyika kimyakimya, na cheche moja inatosha. Maji yakivuja kutoka mabomba ya kupozea huzidisha balaa, kwa sababu hutoa haidrojeni, ambayo huwaka kwa urahisi zaidi.

Ndiyo maana huwekwa kichomeo kisichozimwa, na vipimo ndani ya bomba baada ya mahali pa kuchomea. Kinachotakiwa hapo ni oksijeni iliyosalia. Kipimo kikisoma sufuri, hewa imeisha kabla ya gesi, na mbele ya bomba hilo kuna gesi ambayo haijaungua.