Maumivu ya viungo Uganda: maneno ya mtaani na ukweli wake

Muuza vitenge wa Arua akiamka vidole vimevimba, hakosi washauri. Mama mkwe atasema ni baridi ya usiku, jirani atanong'ona kuwa kuna mkono wa mtu, na kijana wa duka la dawa atamfungia vidonge vya maumivu vya diklofenaki vya wiki nzima. Wote wanamtakia heri. Lakini baadhi ya maradhi ya viungo huanza kula gegedu na mfupa tangu miezi ya mwanzo, na kila ushauri wa namna hii humchelewesha mgonjwa kumfikia mtu atakayemshika vidole na kumuuliza maswali mawili matatu ya maana.

"Ni uzee tu"

Kuna ugonjwa wa viungo unaoandamana na umri, ule wa gegedu kusagika, na magoti ya wazee wengi yanaujua. Baridi yabisi ni jambo jingine. Mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 50, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Hapo mwili wenyewe, kwa kinga yake, ndio unaoshambulia utando wa viungo. Dalili ya kuzingatia ni ugumu wa asubuhi: viungo vikikaza kwa nusu saa, saa nzima au zaidi, kisha vikalegea kadiri mtu anavyojishughulisha, na vikivimba mikono yote miwili, hilo si la kungojea. Goti la uzee hufanya kinyume, huuma zaidi jioni baada ya kazi.

Watoto nao wanaugua. Mtoto wa chini ya miaka 16 ambaye kiungo chake kimevimba zaidi ya wiki 6 bila sababu nyingine anastahili kuchunguzwa kwa yabisi ya watoto. Huyu ndiye anayeonewa kuliko wote: asubuhi anachechemea, mchana anakimbiza mpira, na nyumbani wanasema anakwepa shule.

"Kipimo kimesema brusela, basi"

Brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, upo Uganda, hasa kwenye ukanda wa wafugaji ambako maziwa mabichi hunywewa, na kweli huumiza viungo. Lakini vile vipimo vya haraka vya tone la damu vina tabia ya kusema "ndiyo" pasipo ugonjwa. Utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu vituo vya afya vya Kenya ulionyesha jinsi kipimo cha aina hiyo kinavyopotosha. Mgonjwa anapewa antibiotiki ya doksisaiklini, anamaliza dozi, vidole bado vimevimba, anapimwa tena, anapewa tena. Kwa maoni yangu, dozi moja iliyotumika sawasawa bila nafuu inatosha kumfanya tabibu abadilishe swali.

Kipimo cha damu cha baridi yabisi chenyewe hakitoi hukumu pia. Kinaweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu mwenye kifua kikuu au homa ya ini, na kinaweza kunyamaza kwa mtu ambaye viungo vyake vinaharibika. Ndiyo maana mikono ya tabibu haijapata mbadala.

Jongo (gauti), ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, kwa kupita tu: wanaosema ni ugonjwa wa matajiri wanasahau kwamba figo zinazoshindwa kutoa asidi ya yuriki, pamoja na urithi wa ukoo, zina uzito kuliko mfuko. Nyama na pombe huchochea, na pombe ya kienyeji haijasamehewa.

"Dawa za hospitali zitakumaliza figo"

Hapa kuna kichekesho kichungu. Mtu anaiogopa metotreksati aliyoandikiwa, dawa ya baridi yabisi inayotuliza kinga ya mwili, huku anameza diklofenaki kila siku mwaka mzima, na diklofenaki ndiyo inayojulikana kwa kuchubua tumbo na kuumiza figo. Tena hiyo hupunguza maumivu bila kuzuia kiungo kuharibika. Metotreksati huzuia. Ina masharti yake: damu hupimwa mara kwa mara, haitumiwi na mjamzito, huandamana na asidi ya foliki, na humezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Kuna wagonjwa duniani waliokufa kwa sababu waliimeza kila siku. Anayeandikiwa aandike jina la siku kwenye pakiti, Jumamosi au Jumatano, kabla hajatoka dirishani.

Na zile chupa zisizo na nembo ambazo "zinaponya usiku mmoja"? Nafuu ya kasi hiyo hunitia shaka kwamba ndani kuna dawa za jamii ya prednisoloni (steroidi), zinazozima uvimbe haraka. Hizo zina kazi yake hospitalini, ila mtu akizinywa kwa miezi bila kujua hupata kisukari na mifupa myepesi, na akiziacha ghafla anaweza kuanguka.

"Bila daktari bingwa hakuna linalowezekana"

Sensa ya 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 45.9 Uganda, na mabingwa wa maradhi ya viungo wanahesabika kwa vidole. Ni kweli hawatoshi. Lakini anayehitimisha kuwa basi tukae tungoje, hajasikia yaliyofanyika kaskazini mwa nchi hii kuhusu homa ya baridi yabisi, ambayo si ile baridi yabisi tuliyoitaja, bali ule ugonjwa unaoanza kwa koo la mtoto kuambukizwa bakteria, ukahamia viungoni na kuishia kuharibu vali za moyo.

Kwanza, katika utafiti uliochapishwa 2016, wauguzi wa Gulu waliofundishwa kwa muda mfupi walipewa mashine ndogo za mkononi za kupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti. Wakaweza kuwatambua wengi wa watoto ambao moyo wao umeshadhurika, ingawa si wote. Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi: watoto na vijana 102,200 walipigwa picha ya moyo, na 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao ugonjwa wao ulikuwa bado umejificha, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walidungwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2. Kati ya waliodungwa, ugonjwa uliendelea kwa 3. Kati ya wasiodungwa, 33. Matokeo hayo, yaliyotangazwa 2021, yalisomwa dunia nzima, na dawa yenyewe ni ya zamani na ya bei nafuu. Sindano yake inauma, hilo watoto wa Gulu watakuambia.

Kwa viungo vya watoto kuna uchunguzi uitwao pGALS: mwendo, mikono, miguu, mgongo. Huchukua kama dakika 2 na hauhitaji mashine. Umejaribiwa hospitalini Malawi, na mafunzo yake yapo bure mtandaoni. Wengine hudharau mafunzo ya mtandaoni kuwa ni ya kubabaisha. Yanafundisha vizuri macho na kichwa. Vidole havijui goti lenye maji hadi vimeligusa, kwa hiyo chuo kinachotoa video bila wodi kimefanya nusu ya kazi.

"Simu itaniambia ninaumwa nini"

Programu za kukisia ugonjwa kwa kuuliza dalili zilipimwa Ujerumani kwa wagonjwa wa viungo, na utafiti uliochapishwa 2021 ulizikuta na usahihi mdogo. Huko mabingwa wapo wengi na programu huzungumza lugha ya mgonjwa. Sioni kwa nini zitutendee sisi vizuri zaidi.

Simu ina kazi nyingine, za chini na zenye faida: kumkumbusha mtu siku ya metotreksati, kutunza daftari la watoto wanaodungwa penisilini ili anayekosa atafutwe, kumwezesha tabibu wa kituo cha ngazi ya III kumuuliza bingwa aliye Kampala. Gharama ya bando ni kikwazo cha kweli, kwani tangu Julai 2021 data hutozwa ushuru wa asilimia 12, ingawa sheria ilisamehe data ya huduma za afya na elimu.

Ipo pia picha. Uvimbe wa saa moja asubuhi mara nyingi umeshapungua saa sita mchana, foleni inapomfikisha mgonjwa mbele ya tabibu. Aipige mikono yake picha akiwa bado kitandani, kwa siku kadhaa, na aende nazo. Amwonyeshe tabibu, asizitupe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na kwenye kundi hilo yumo pia yule wa diklofenaki.