Jedwali la kata na klasi iitwayo Katum

Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi aliniita kwenye kompyuta yake. Alikuwa anaandika mfumo wa wilaya na kata zake kwa Rails, zana ya kuundia programu za wavuti kwa lugha ya Ruby, na kioo kilikuwa kinamwambia: `uninitialized constant Wilaya::Katum`. Alishalitafuta neno Katum kwenye faili zake zote. Halimo.

Neno hilo limetungwa na zana yenyewe. Ndani ya Rails mna ActiveRecord, inayounganisha klasi za programu na majedwali ya kanzidata, na ili usiandike mengi inakisia majina kwa sarufi ya Kiingereza. Ukiandika `has_many :kata`, yaani wilaya ina kata nyingi, inalichukulia neno kata kuwa ni jina la wingi na kulitafutia umoja. Kanuni yake mojawapo inasema neno linaloishia "ta" au "ia" katika wingi liishie "tum" au "ium" katika umoja, kama data na datum. Hivyo kata ikazaa katum. Familia ingezaa familium. Klasi ya Mkulima nayo hutafutiwa jedwali liitwalo mkulimas.

Ngeli zetu haizijui, basi iambie: `has_many :kata, class_name: "Kata"`, na ndani ya Mkulima uandike `self.table_name = "wakulima"`. Ni mistari miwili tu.

Wapo wanaosema dawa ni kuachana na Kiswahili kwenye majedwali. Sikubaliani nao hata kidogo. Chukua mtaa. Katika miji ya Tanzania mtaa ni eneo la kiutawala chini ya kata, lenye mwenyekiti wake. Safu ya jedwali ikiitwa `street`, karani mmoja ataandika jina la barabara na mwingine jina la mtaa wa serikali, na miaka miwili baadaye hakuna atakayeweza kuhesabu kaya za mtaa wowote. Nimesafisha data ya namna hiyo kwa mkono, mstari kwa mstari. Safu ikiitwa `mtaa`, karani anajua anachoulizwa.

Ila andika kwa herufi ndogo, maneno yakitenganishwa kwa mstari wa chini: `tarehe_ya_kuzaliwa`. PostgreSQL, programu ya kanzidata, hushusha kila jina lisilo ndani ya alama za kunukuu kuwa herufi ndogo. Ukiunda safu `tareheYaKuzaliwa` bila alama hizo, inahifadhiwa kama `tareheyakuzaliwa`. Halafu zana yako, ambayo huweka majina ndani ya alama, inaomba ile yenye herufi kubwa na kujibiwa kwamba haipo. Safu unaiona kwa macho yako, nayo inakataliwa! Na jedwali usiliite `user`: kwenye PostgreSQL, `SELECT * FROM user` haikuletei watumiaji wako, inakuletea jina ulilojiungia nalo.

Kwa anayetumia Django, zana kama Rails ila kwa lugha ya Python: uga (sehemu ya klasi inayosimamia safu) unaoelekeza kwenye kata uite `kata`. Yenyewe itaongeza `_id` kwenye safu, kwa hiyo ukiuita `kata_id` utapata `kata_id_id`. Mistari miwili ya chini mfululizo hairuhusiwi kwenye jina la uga, maana ndiyo njia ya kuvukia majedwali: `kata__wilaya__jina` inasomeka jina la wilaya ya kata.

Mimi kila nikimaliza kuunda majedwali hufungua psql, dirisha la kuandikia amri za PostgreSQL, naandika `\d kata` inionyeshe safu za jedwali, kisha namwita mtu wa masjala anisomee safu moja moja na kunieleza angejaza nini. Akisita kwenye safu, jina hilo nalibadilisha siku hiyohiyo, kabla klasi ya kwanza haijaandikwa.