Mafuta ya Karafuu Bandani: Yanafaa Wapi, Yanashindwa Wapi

Wafugaji wa kuku wa nyama kutoka Kitunda, Chanika na Kigamboni hutuuliza kama mafuta ya karafuu yanaweza kushika nafasi ya antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Kwa kukinga, yanaweza kusaidia kwa kiasi. Kwa kutibu banda ambalo kuku wameshaanza kufa, hapana.

Swali lenyewe ni zuri, tena limechelewa. Mabanda mengi hutia antibiotiki ya oksitetrasaiklini kwenye maji siku vifaranga wanapofika, wakati hakuna hata mmoja anayeumwa. Dozi za namna hiyo huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale sugu, na hao hawakai bandani: hutoka na mbolea, na nyama, na mikono ya mchinjaji. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, na marufuku hiyo ikawasukuma zaidi watengenezaji wa chakula cha mifugo kwenye mimea.

Mafuta tunayozungumzia ni yale mepesi yenye harufu kali, yanayotolewa kwenye mmea kwa mvuke. Malighafi tunayo; huko Wawi, Pemba, hata makonyo (vikonyo) ya karafuu hutolewa mafuta. Karafuu ina yujenoli, mdalasini una sinamaldehaidi, oregano ina kavakroli. Kemikali hizi hupatana na mafuta kuliko maji, kwa hiyo hujipenyeza kwenye utando wa bakteria, ambao nao una mafuta. Utando ukilegea, potasiamu na nishati ya seli huvuja, na bakteria hufa. Bakteria kama E. coli na Salmonella wana utando wa pili kwa nje, hivyo mara nyingi huwa wagumu zaidi, na kwa bahati mbaya ndio wanaotusumbua sana kwenye kuku.

Kwenye sahani ya maabara mafuta hukutana na bakteria ana kwa ana. Tumboni mwa kuku hukutana kwanza na pumba, mashudu na dagaa. Mengi hushikwa na chakula au hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo, kabla ya kufika walipo vimelea. Ndiyo maana bidhaa nyingi za viwandani hufunika matone ya mafuta kwa tabaka linaloyeyuka taratibu. Majaribio mengi hutumia gramu 100 hadi 300 kwa tani ya chakula, na matokeo hayalingani: kuku wengine huongezeka uzito, wengine hakuna tofauti, hasa kama banda lilikuwa safi tangu mwanzo.

Ya jikoni ni habari nyingine. Ukichemsha karafuu kwenye sufuria isiyo na kifuniko, ile harufu inayojaa uani ndiyo dawa yenyewe inayoondoka. Ukidondosha mafuta kwenye drinka, chombo cha kunyweshea kuku, hayachanganyiki na maji. Ya karafuu huzama, ya mchaichai huelea, na kifaranga atakayemeza tone zima ataungua mdomo na koo. Neno “asili” kwenye chupa halipunguzi ukali huo.

Halafu kuna kideri na gumboro. Haya ni magonjwa ya virusi, na hakuna antibiotiki wala mafuta ya kuyaponya. Kinga yake ni chanjo. Ya kideri aina ya I-2 hutengenezwa hapo Kibaha, hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa maoni yangu, mfugaji ambaye hajakamilisha chanjo wala kubadilisha maranda yaliyoloa asinunue mafuta ya aina yoyote kwanza.

Kuku wakianza kufa, peleka maabara wawili au watatu waliokufa muda si mrefu, wakiwa ndani ya mfuko uliofungwa na kuwekwa kwenye barafu, pamoja na mmoja au wawili wanaoumwa. Kwa Dar es Salaam, Wakala ya Maabara ya Veterinari iko Temeke. Wapeleke kabla ya kuwapa dawa yoyote, maana antibiotiki ikishatangulia bakteria wanaweza wasiote kwenye kipimo, na daktari wa mifugo atabaki kubahatisha.