Mtindio wa ubongo, usonji na ulemavu wa akili: yanayosemwa mtaani kuhusu huduma, na yaliyo kweli

Ukimuuliza mkazi wa Dar es Salaam watoto wenye mtindio wa ubongo (ubongo ulioumia mapema hivyo misuli haitii), usonji (autism, yaani tofauti ya ukuaji inayogusa mawasiliano na kuhusiana na watu) au ulemavu wa akili wanahudumiwa wapi, atakutajia hospitali ya CCBRT pale Msasani, pengine na shule moja ya bweni aliyoisikia, kisha ataishia hapo. Kwa wengi wetu huduma ni jengo: lina geti, mlinzi na foleni, na mtoto hupelekwa huko. Dhana hiyo ndiyo inayozaa nyingine nyingi, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

"Mpeleke kituoni, huko kuna wataalamu"

Wataalamu wapo, ila ni wachache na wengi wako mijini. Jambo hili halikugunduliwa leo. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi, Shirika la Afya Duniani lilianza kueneza njia ya utengamao (kumsaidia mtu mwenye ulemavu aishi na kujimudu) katika jamii: ujuzi utoke hospitali, uingie nyumbani, ukae mikononi mwa mama, baba, bibi au dada anayeshinda na mtoto. Hesabu yake haihitaji msomi. Fiziotherapia (mazoezi ya tiba ya viungo) ya nusu saa kwa mwezi ni kitu gani mbele ya siku thelathini ambazo mtoto anabebwa, analishwa, anaogeshwa na kulazwa na watu wa nyumbani? Wasipofundishwa wao, ile nusu saa imepotea na nauli nayo.

Chukua kulisha tu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli ya mdomo na koo haimtii mara nyingi hulazwa chali mapajani na kumiminiwa uji mwepesi, kwa sababu ndivyo anavyomaliza haraka. Uji huo huo huteleza ukaingia njia ya hewa. Akikohoa watu wanasema amepaliwa, baada ya siku chache ana homa, na nimonia inamrudisha wodini. Anayejua kazi hii atamwonyesha mama mambo machache: mtoto akae wima, kichwa kiinamie mbele kidogo badala ya kuangalia dari, chakula kiwe kizito kiasi, kijiko kiwe kidogo, na kila tonge lisubiriwe limezwe. Inachukua muda, tena muda mrefu, na hapo ndipo familia inapohitaji mtu wa pili wa kushika zamu. (Kina baba, hapa ndipo tunapotajwa.)

Hata mbeleko ina kazi yake. Mtoto ambaye miguu yake hujipinda kama mkasi akibebwa mgongoni huku miguu imetanuka kiunoni mwa mama, anapata mkao ambao mtaalamu angeutafuta kwa vifaa. Kiti cha kumwezesha kukaa, fundi seremala wa mtaani anaweza kukichonga akipewa vipimo. Kama mbao ni ghali, ipo njia iliyoanzia Zimbabwe kwa mwalimu Bevill Packer na kuenea nchi nyingi: maboksi na magazeti ya zamani yanagandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, yanakaushwa juani, na kinatoka kiti kigumu kinachobeba mtoto. Usikiache mvuani tu.

Hospitali na vituo havikosi kazi, maana mtoto anahitaji kupimwa, kufuatiliwa, na pengine kufanyiwa upasuaji. Lakini mzazi anayetoka kliniki bila kuonyeshwa la kufanya nyumbani amehudumiwa nusu, na ana haki ya kuuliza: "Nikifika nyumbani nifanye nini, na nifanyeje?"

"Tumegawa viti mwendo, tumewasaidia"

Picha hupigwa, makofi hupigwa, na mtoto wa miaka minne huondoka katika kiti cha mtu mzima. Humo ndani anaelea. Mgongo unapinda upande mmoja, miguu inaning'inia, ngozi ya makalio inachubuka na kuwa kidonda. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 inasema wazi kwamba kiti mwendo kinatolewa kwa kumpima mtumiaji, kukirekebisha kulingana na mwili wake, kumfundisha yeye na mlezi wake, na kumfuatilia baadaye, kwa kuwa watoto hukua na vyuma huchakaa. Viti vichache vilivyopimwa ni bora kuliko lori zima la viti vya saizi moja. Wafadhili hawapendi kulisikia hili, na waheshimiwa ndio hawalipendi kabisa.

"Akipata dawa sahihi atapona"

Hakuna kidonge cha kuondoa mtindio wa ubongo, usonji wala ulemavu wa akili. Ila kuna magonjwa yanayoandamana na hali hizi ambayo dawa zake zipo, na kuyachanganya ndiko kunakoumiza. Kifafa ni mfano mkubwa: watoto wengi wenye mtindio wa ubongo huwa nacho, na kwa wengi hutulia wakimeza dawa kila siku. Kosa la kawaida ni kuziacha wiki degedege linapokata, kwa kuwa "amepona". Sina ugomvi na familia inayoombewa. Waombewe, dawa ziendelee. Na wakati wa kuanguka asitiwe kijiko mdomoni: alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe, na akiendelea zaidi ya dakika tano apelekwe hospitali.

Vivyo hivyo mtoto mwenye sindromu ya Down. Kromosomu ya ziada haiondoki, lakini karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, na nyingi hurekebishika. Pale Muhimbili iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inayofanya upasuaji wa watoto. Mtoto anayeitwa "mvivu wa kunyonya" huenda moyo ndio unaomchosha.

Chanjo haisababishi usonji. Makala ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet iliyoanzisha maneno hayo ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na utafiti wa Denmark uliochapishwa 2019 uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000 haukuona uhusiano wowote. Surua, kwa upande wake, inaweza kuacha mtoto na madhara ya ubongo.

"Ni laana, ni mkosi wa upande wa mama"

Ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali ambayo hayakutibiwa siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, upungufu wa madini joto kwa mjamzito, hitilafu za kinasaba, na mara nyingine chanzo hakijulikani. Baba anayekimbia hakimbii laana.

"Shule ni ya wenye akili"

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma katika shule za kawaida, akipewa msaada anaohitaji. Walimu wa elimu maalum hufundishwa Patandi, Arusha, na baadhi ya shule za msingi zina vitengo vyao. Wenzetu wa Kenya walianza vituo vya kupima watoto na kuwashauri wazazi mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na taasisi yao ya elimu maalum ilifuata 1986.

Ila tusidanganyane. Kumkalisha mtoto mwenye usonji nyuma ya darasa lililofurika, kengele inalia, wenzake wanapiga kelele, mwalimu hana msaidizi, si elimu jumuishi, ni kumhifadhi. Na kipimo cha mafanikio kisiwe mtihani wa darasa la saba peke yake. Kujua kwenda chooni mwenyewe, kununua sabuni dukani na kurudi na chenji, kusema "sitaki" mtu anapomshika vibaya: haya ni masomo, na huchukua miaka.

"Serikali inawapa hela"

Inategemea uko wapi. Kenya, chini ya mpango wa serikali uitwao Inua Jamii, kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa iliyosajiliwa hupata shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Tanzania Bara, fungu linalotajwa sana ni asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu, sehemu ya zile asilimia 10 ambazo wanagawana na vikundi vya wanawake na vijana. Huo ni mkopo usio na riba, si ruzuku, na hurejeshwa. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nayo hutazama kwanza umaskini wa kaya. Kwa hiyo mama anayeacha genge lake ili kumlea mtoto hafidiwi na mtu. Ndiyo maana vikundi vya wazazi vina thamani kuliko vinavyoonekana: wanaweka na kukopeshana, wanaelekezana daktari, na siku moja mmoja anashika watoto wawili ili mwenzake aende msibani au alale usingizi. Kumpumzisha mlezi ni huduma. Anayesema "vumilia tu, Mungu kakupa mtihani" hajawahi kumgeuza mtoto wa miaka kumi na minne usiku kucha.

"Ni watoto tu"

Watoto hukua. Sindano ya kliniki inaisha, shule inaisha, na kijana wa miaka 22 anabaki uani akiitwa "mtoto" na watu waliomzidi mwaka mmoja. Kwa umri huu huduma ni chache kuliko zote, na swali la wazazi ni lile lile: nikifa, nani? Ndugu wengi huandaliwa kimya kimya kurithi ulezi bila kuulizwa. Afadhali lizungumzwe mapema, mbele ya mwenyewe, na kwa maandishi kama kuna nyumba au shamba. Sheria ile ya 2010 inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Ulizia kwa mtendaji kama ya kwenu ipo na nani wamo. Kama wajumbe wote ni wa ulemavu wa viungo na macho, omba nafasi ya mzazi au ya kijana mwenyewe, na daftari la afisa ustawi wa jamii liandikwe jina lake sasa, akiwa na mama yake bado.