Kazi imeisha, mwili haujaambiwa

Wengi wanaofika kliniki yetu ya afya kazini kwa sababu ya uchovu huwa wameshajihukumu wenyewe. "Daktari, siku hizi nimekuwa mvivu." Sijawahi kumwona mvivu aliyeomba ruhusa kazini ili aje kutibiwa uvivu.

Mmoja wao aliketi, akalaza simu kifudifudi juu ya meza yangu, akaanza kueleza. Simu ikatetemeka. Hakuigusa, ila mabega yalipanda kidogo, maneno yakakatika, ikabidi aanze upya. Kwa robo saa ilitetemeka mara tano, na mara zote tano mabega yalipanda. Kabla ya kumpima shinikizo la damu nilimwomba aizime. Akauliza, "Kabisa?"

Msongo wenyewe si ugonjwa. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, sukari ikamiminwa kwenye damu, misuli ikakaza. Homoni ya kotisoli hufuata nyuma na kuurefusha utayari huo. Hata siku isiyo na misukosuko kotisoli ina safari yake: hupanda alfajiri, hufika kileleni kama nusu saa baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu mpaka usiku wa manane. Kupanda hakutudhuru. Tatizo ni pale inapokosa nafasi ya kushuka.

Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti aliyekuwa Montreal, aliandika kuhusu panya waliosumbuliwa kwa njia mbalimbali: baridi, majeraha, mazoezi ya kupindukia, sumu. Miili yao ilijibu kwa namna ileile. Mwanzoni ilishtuka, baadaye ikazoea na panya wakaonekana wazima, lakini usumbufu ulipoendelea kwa wiki nyingi uwezo wa kuhimili uliisha. Mimi huwa naiogopa zaidi hatua ile ya katikati. Huko ndiko waliko wachapakazi wanaosifiwa kwamba hawachoki.

Ndiyo maana swali langu la kwanza ni: kazi yako huisha saa ngapi? Mtu hutaja saa ya kutoka ofisini. Nikimuuliza jana ujumbe wa mwisho wa kazi aliujibu saa ngapi, hucheka.

Nisieleweke vibaya, wingi wa saa nao unaua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu yao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17. Hesabu hiyo haifutwi kwa semina ya kuvuta pumzi, na waajiri wanaotuita kutoa semina hizo huwa nawaambia hivyo kabla ya chai.

Kwa upande wako, upe mwili ishara kwamba siku imefungwa. Dakika kumi kabla ya kuondoka, chukua karatasi, andika kilichobaki, na mbele ya kila jambo andika hatua ya kwanza ya kesho. Usiandike "ripoti", andika "kumpigia mhasibu aniletee takwimu za mwezi". Jambo lililoachwa nusu bila mpango hukufuata hadi kitandani, na likishapata mahali pake kwenye karatasi huwa tulivu zaidi. Kisha tembea, hata dakika kumi na tano, simu ikiwa mfukoni. Moyo ukiendelea kwenda mbio, kaa uvute pumzi taratibu kama mara sita kwa dakika, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyovuta. Moyo hupunguza kasi tunapotoa pumzi, kwa hiyo hapo unaushika mahali unapoweza kuongozwa.

Kahawa nayo ina hila yake. Tangu tunapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni na kutuletea usingizi. Kafeini huziba milango ambayo kemikali hiyo hupitia. Uchovu unabaki palepale, wewe tu ndiye husikii ukibisha hodi. Kwa watu wengi nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni bado kina nusu yake saa tatu usiku. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na kahawa ya jioni hula humo humo. Mchana ukizidiwa, sinzia dakika 20. Ukipitiliza sana utaamka mzito kuliko ulivyolala.

Usisingizie kazi kila kitu, lakini. Uchovu usioondoka hata baada ya wiki kadhaa za kulala vizuri unahitaji vipimo: upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo, sonona, au kukoroma kunakokata pumzi usingizini. Kifua kikibana, au mawazo ya kujidhuru yakija, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Yule wa simu alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa amemwambia bosi wake kwamba kuanzia saa mbili usiku hatapatikana, maneno aliyoyaogopa kwa miaka miwili. Bosi alijibu "sawa" na kuendelea na yake. Usingizi umerudi. Majibu ya damu nayo yalikuja: ni pungufu. Sasa anameza vidonge vya madini ya chuma, nasi tunatafuta damu hiyo inapotelea wapi.