Moli si molekuli

Juzi mpwa wangu alinisomea jibu lake la kemia kwa sauti ya ushindi: "Kwa hiyo molekuli moja ya butani ina uzito wa gramu 58." Nikamuuliza, yai la kuku lina gramu ngapi? Ni hizo hizo, pengine pungufu kidogo. Na kiberiti cha gesi alichokitumia kwenye jaribio, ambacho gesi yake ndiyo butani, chote na plastiki yake, hakifiki hapo. Sasa hiyo molekuli ilikaa wapi?

Si yeye wa kwanza. Nimelisikia kosa hili hata kwa watu wazima wenye vyeti.

Moli ni fungu kubwa mno la molekuli, na masi ni kiasi cha kitu kinachosomwa kwenye mizani. Masi ya moli, basi, ni masi ya fungu moja kama hilo, kwa gramu. Kwa gesi, ikichukuliwa kuwa inatii kanuni ya gesi kamilifu, M = mRT/PV: m ni gramu za gesi, P kanieneo, V ujazo, T halijoto kwa kelvini, na R ni namba isiyobadilika, 8.314 ukitumia paskali na mita za ujazo. Basi.

Kijana alifanya kazi safi. Alikipima kiberiti, akatoa gesi hadi mililita 100 zikakusanyika juu ya maji, akakipima tena: kimepungua gramu 0.23. Maji yalikuwa nyuzi 25, yaani kelvini 298, kanieneo la hewa kPa 101.3, akakumbuka kuondoa kPa 3.2 za mvuke wa maji. PV gawanya kwa RT ikampa moli 0.00396. Akagawa gramu kwa moli, akapata 58. (Angeweka 25 badala ya 298, angepata 4.9, akatangaza kwamba kiberiti kimejaa kitu kinachokaribia heliamu.)

Tatizo ni lile neno. Kilatini kina moles, yaani rundo kubwa, mzigo. Wasomi wa Ulaya wakalidogosha likawa molecula, kama sisi tunavyotoa kilima kwenye mlima. Molekuli, basi, ni kirundo. Mwishoni mwa karne ya 19, mkemia Wilhelm Ostwald akalichukua neno la Kijerumani Molekül, akalikata mkia, ikabaki Mol. Kwa kukata mkia alikata udogo, na neno likarudi kuwa rundo. Linalofurahisha ni kwamba Ostwald wakati huo hakuamini kabisa kwamba atomu zipo. Alikuja kukubali karibu na 1909. Moli yake ilikuwa kipimo cha kitu cha kushikika, cha kuweka kwenye mizani. Neno tunalolichanganya na molekuli lilienezwa na mtu aliyezitilia shaka molekuli zenyewe!

Sokoni tuna neno linalofaa zaidi: fungu. Muuza dagaa akikwambia fungu ni shilingi elfu moja, huendi nyumbani ukisema dagaa mmoja ni elfu. Moli ni fungu, ila ni fungu la molekuli 6.022 × 10²³. Mizani ilimwambia kijana gramu ngapi zimetoka. Kanuni ya gesi, ambayo haijali ni gesi gani, ilimhesabia mafungu. Gramu kwa mafungu ni gramu za fungu moja, wala hapo hakuna mahali ambapo molekuli moja moja imeguswa. Ukiitaka masi yake, gawa 58 kwa idadi ile: takriban 9.6 × 10⁻²³ ya gramu.

Kinachowaponza watu ni kwamba namba inafanana. Molekuli moja ya butani ina daltoni 58 (daltoni ni kizio kidogo mno cha kupimia masi ya atomu na molekuli), moli moja ina gramu 58. Namba moja, vizio viwili, na kizio ndicho mtu hukiacha njiani.

Hata wakubwa walijikwaa jirani na hapa. Mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Dumas, aliyepima mivuke kwa ustadi kuanzia miaka ya 1820, alichanganywa na zebaki, fosforasi na salfa kwa sababu mpaka kati ya atomu na molekuli ulikuwa bado haujanyooshwa.

Kwa hiyo sikumkaripia. Nilimwambia hesabu aiache ilivyo, ni nzuri. Kwenye sentensi ya mwisho tu, "molekuli moja" iwe "moli moja", na "uzito" uwe "masi", maana uzito mwalimu wake wa fizikia ataudai kwa newtoni, kizio cha nguvu.