Kulaza mbegu za mbetula katika baridi: maana yake

Kulaza mbegu katika baridi ni kuziweka mbegu zilizokwisha kunywa maji mahali penye ubaridi usiofikia kuganda, kwa majuma kadhaa, ili usingizi uliomo ndani yake uishe na ziweze kuota. Katika lugha za Ulaya kazi hii ina jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya tabaka, kwa kuwa watunza bustani wa zamani walizipanga mbegu na mchanga wenye unyevu, tabaka juu ya tabaka, ndani ya chungu walichokiacha nje msimu mzima wa baridi.

Usingizi huu haufanani na ule wa mbegu za mgunga, ambazo huzuiwa na ganda gumu lisilopitisha maji, na ndiyo maana wenye vitalu huku kwetu huzimwagia maji ya moto. Mbegu ya mbetula, yaani miti ya jenasi ya Betula ambayo aina zake kadhaa zinajulikana kwa gome jeupe linalobanduka kama karatasi, ina ganda jembamba na hulowa upesi. Kinachoizuia kimo ndani yake. Huko Finland na Scotland, vishada vya mti huu huanza kuvunjika mwishoni mwa majira ya joto, na upepo ukazitawanya mbegu ndogo mno zenye vibawa viwili. Iwapo zote zingeota papo hapo, baridi kali ingeikuta miche ikiwa bado na majani mawili matatu tu.

Hata hivyo, kwa mbetula baridi si njia pekee, na hapa ndipo dhana hii inapostahili kuelezwa kwa makini. Mwaka 1955 watafiti Black na Wareing walieleza kuwa mbegu za Betula pubescens ambazo hazijapitia baridi, zikiwekwa kwenye joto la nyuzi 15 za Selsiasi, huhitaji mwanga wa siku ndefu ndipo ziote, ilhali zilizokwisha kulazwa katika baridi huweza kuota hata gizani. Kwa maneno mengine, mbegu hii huyatambua majira kwa vipimo viwili, ubaridi uliopita na urefu wa mchana, na kipimo kimoja kikitimia, cha pili hakiulizwi tena kwa ukali uleule.

Kosa linalowapotezea wengi msimu ni kuiweka pakiti ya mbegu kavu ndani ya friji na kudhani kwamba kazi imefanyika. Baridi kavu huihifadhi mbegu tu, haiiamshi, kwa sababu mabadiliko yanayotakiwa hutokea katika mbegu iliyolowa. Inafaa zichanganywe na mchanga wenye unyevu usiochuruzika, zikae kwenye nyuzi 3 hadi 5 kwa wiki nne hadi nane, kisha ziatikwe juu ya mboji laini na kukandamizwa kidogo kwa ubao bila kufukiwa, kwa kuwa mche wa mbegu ndogo hivyo hauna akiba ya kupenya udongo mzito. Mwenye bustani katika nchi ya baridi anaweza pia kuziatika nje kabla ya majira ya baridi, akayaachia yenyewe kazi hiyo.

Uotaji hafifu usihesabiwe haraka kuwa ni dalili ya baridi isiyotosha. Mbetula kwa kawaida haujichavushi vizuri, hivyo mti uliosimama peke yake huzaa mbegu nyingi zisizo na kiini, ambazo hakuna baridi itakayoziotesha. Ni heri kuchuma kwenye miti iliyo karibu na mingine ya aina yake, kuatika kwa wingi, na kuzipasua mbegu chache kwa wembe chini ya kioo cha kukuzia, ili kuona kama ndani mna kitu cheupe kilichojaa.